Kusimba Upasuaji wa Ubongo Baada ya Ajali: Safu, Sababu na Mfupa



Ndugu msomaji, somo la toleo hili ni la wanaosoma udaktari, uuguzi na kumbukumbu za hospitali, ingawa ndugu zetu wa sheria na wa takwimu nao watapata fungu lao. Tunajifunza namna upasuaji wa ubongo uliotokana na ajali unavyoandikwa kwa msimbo, yaani kwa herufi na tarakimu zinazosimama badala ya maneno.

Mimi nimekulia Nakivale na sasa nasoma udaktari hapa Mbarara. Kwa hiyo mifano yangu inapita njia moja, ya kutoka makazi ya wakimbizi hadi hospitali ya rufaa na kurudi. Wagonjwa nitakaowataja ni wa kutunga, kwa ajili ya somo tu. Misimbo ni ya kweli, na unaweza kuitafuta mwenyewe.

Ninachotaka ukishike ni hiki: msimbo haujui zaidi ya kilichoandikwa katika faili. Kwa jeraha la kichwa kuna mambo matatu ambayo yasipoandikwa kwa maneno, hakuna karani atakayeyajua. La kwanza ni safu iliyoumia. La pili ni sababu ya jeraha. La tatu ni mahali ulipo mfupa uliotolewa.

1. Njia ya mgonjwa na njia ya karatasi

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na yako wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Wanaoishi humo wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili kinatuunganisha wengi wetu, lakini si wote.

Vituo vya afya vya makazini vinatibu malaria, vinazalisha na vinachanja. Fuvu la kichwa halifunguliwi huko. Mtu akigongwa na kuanza kupoteza fahamu, anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo ndiyo hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989.

Karatasi nazo zinasafiri. Kuna fomu ya rufaa, maandishi ya chumba cha dharura, majibu ya picha ya CT skani, ripoti ya upasuaji, maandishi ya wodi, na mwisho karatasi ya ruhusa. Mgonjwa anasimulia kwa Kiswahili, Kisomali au Kirundi, mkalimani anapokea, na daktari anaandika kwa Kiingereza. Kila mkono unaopokea unaweza kudondosha neno.

Wanaozihitaji karatasi hizo ni wengi. Hospitali inatuma taarifa za kila mwezi Wizara ya Afya kupitia mfumo wa HMIS. Waliolazwa wanahesabiwa katika fomu namba 108 na wasiolazwa katika fomu namba 105. UNHCR nayo ina mfumo wake wa taarifa za afya za wakimbizi, unaoitwa iRHIS. Polisi wanahitaji Fomu 3, inayojazwa na mganga aliyemwona majeruhi. Mkimbizi anayehamishiwa Kanada au Australia anapimwa afya kabla ya safari, na anaulizwa alifanyiwa upasuaji gani na lini.

Wengi wetu tukisikia habari ya misimbo ya hospitali tunafikiria bili. Uganda iliondoa ada za matibabu katika vituo vya serikali mwaka 2001, basi kwa mgonjwa wa wodi ya kawaida msimbo si suala la bili kwanza. Kwake ni suala la kuhesabiwa, na la kufahamika na mganga wa mbele asiyemjua.

2. Safu za kichwa

Huwezi kusimba usichokielewa. Tuanze juu tushuke chini.

Kwanza kuna ngozi ya kichwa. Chini yake kuna utando mwembamba unaofunika mfupa, kisha fuvu lenyewe. Ukivuka fuvu unakutana na utando mgumu wa ubongo. Chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, halafu utando laini uliogandamana na ubongo, halafu ubongo wenyewe.

Damu ikivuja kati ya fuvu na utando mgumu, mara nyingi chanzo ni mshipa wa ateri uliokatwa na mfupa uliovunjika. Damu ya ateri ina nguvu, na kwa kuwa utando mgumu umeshikana na mfupa, damu inajikusanya mahali pamoja na kutuna. Katika CT skani inaonekana kama punje ya dengu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuzinduka, akaongea na kuomba maji, kisha baada ya saa chache akazama tena. Ndiyo maana si salama kumwacha alale nyumbani kwa sababu tu amezinduka.

Damu ikivuja chini ya utando mgumu, mara nyingi imetoka kwenye vena ndogo zinazovuka kutoka ubongo kwenda kwenye utando. Damu hiyo inasambaa juu ya ubongo, na pichani inaonekana kama mwezi mwandamo. Kwa mzee inaweza kuvuja polepole kwa wiki kadhaa baada ya pigo dogo.

Jambo la mwisho la ramani hii ni utando unaotandazwa kama hema kati ya ubongo mkubwa wa juu na ubongo mdogo wa kisogoni. Wapasuaji wanauliza daima: damu iko juu ya hema au chini yake? Misimbo nayo inauliza hivyo hivyo.

3. Mafakihi walishapanga ngazi hizi

Ndugu zangu, wazo la kupanga jeraha la kichwa kwa kina chake na kuliwekea hesabu si geni kwetu. Katika vitabu vya fiqhi, mlango wa dia, mna sehemu ya shijaj, yaani majeraha ya kichwa na uso. Mafakihi wa Kishafii wanayahesabu kumi, kuanzia mkwaruzo wa ngozi hadi jeraha linalopasua ubongo. Nitataja yale ya mwisho tu:

- Mudhiha: jeraha linalofichua mfupa. Dia yake ni ngamia 5.
- Hashima: linalovunja mfupa. Ngamia 10.
- Munaqqila: linalovunja mfupa na kuusogeza mahali pake. Ngamia 15.
- Ma'muma: linalofika kwenye utando wa ubongo. Theluthi moja ya dia kamili, ambayo ni ngamia 100.
- Damigha: linalopasua utando huo na kuufikia ubongo.

Majeraha yasiyofika mfupani hayakuwekewa kiasi maalumu. Hukadiriwa na kadhi.

Tazama walichokiuliza. Je, mfupa umeonekana? Umevunjika? Umesogea? Utando umefikiwa? Hayo ndiyo maswali ya karani wa misimbo leo. Hata jina la utando limetoka kwa Waarabu. Waliuita umm al-dimagh, mama wa ubongo, na neno ma'muma linatokana na umm hiyo. Vitabu vya tiba vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, wafasiri walilichukua neno la mama wakalifanya dura mater, na hilo ndilo tunalolikariri mpaka leo katika darasa la anatomia.

Katika zama hizo hizo za elimu, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, karibu mwaka 1000, aliandika Kitab al-Tasrif katika makala 30. Makala ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake amezieleza aina za mivunjiko ya fuvu na kuchora vyombo, pamoja na kekee iliyotengenezwa isizame kupita unene wa mfupa.

Lakini usichanganye makusudio. Fiqhi inauliza mkosaji anadaiwa nini. Msimbo wa ugonjwa unauliza mgonjwa ameumia nini. Msimbo wa upasuaji unauliza daktari amefanya nini. Jeraha ni moja, na orodha ni tatu.

4. Msimbo wa jeraha na msimbo wa sababu

Orodha ya magonjwa inayotumika duniani ni ICD, ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, lakini nchi nyingi bado ziko katika kuhama. Nitafundisha kwa toleo la 10, kwa kuwa ndilo utakalolikuta katika faili nyingi.

Majeraha ya ndani ya fuvu yako chini ya S06. Yashike haya:

- S06.0: mtikisiko wa ubongo
- S06.1: ubongo kuvimba kwa jeraha
- S06.2: jeraha lililosambaa ndani ya ubongo
- S06.3: jeraha la mahali pamoja ndani ya ubongo
- S06.4: damu juu ya utando mgumu
- S06.5: damu chini ya utando mgumu
- S06.6: damu chini ya utando wa buibui

Tarakimu ya tano inaeleza kama jeraha la ndani liko wazi: 0 ni bila jeraha lililo wazi, 1 ni pamoja nalo. Mivunjiko ya fuvu iko S02. S02.0 ni ya paa la fuvu, na S02.1 ni ya kitako chake. Hapa pana mtego: mfupa wa kando ya sikio, ambao wengi wangeuweka kwenye paa, umeorodheshwa chini ya S02.1. Karani akikuta neno "fuvu limevunjika" peke yake, hawezi kuchagua.

Sasa sababu. ICD ina sura nzima ya sababu za nje. Ajali za barabarani zinaanza na V. Aliyekuwa juu ya pikipiki yuko V20 hadi V29, na mwenda kwa miguu yuko V01 hadi V09. Pikipiki ikigongana na gari dogo au pikapu, ni V23. Kwa ajali ya barabarani tarakimu inayofuata ni 4 kwa dereva na 5 kwa abiria. Maporomoko yanaanza na W: W01 ni kuteleza au kujikwaa, W14 ni kuanguka kutoka mtini. Kushambuliwa kwa kifaa butu ni Y00, na kama haijulikani ilikuwa kusudi au bahati mbaya, ni Y29.

Sababu ndiyo inayodondoka mara nyingi zaidi njiani, kwa kuwa inatoka mdomoni mwa mgonjwa au aliyemleta, na haionekani pichani. Ukiandika "ajali ya barabarani" tu, umeficha kama alikuwa dereva wa bodaboda, abiria wake au mama aliyekuwa akivuka. Anayepanga mafunzo ya waendesha boda, au helmeti za abiria, anahitaji kujua hilo.

5. Msimbo wa kazi ya mpasuaji

Kwa matendo ya upasuaji hakuna orodha moja iliyoenea kama ICD. Uingereza ina yake, OPCS-4. Shirika la Afya Duniani limetengeneza ICHI, ambayo kila tendo inalieleza kwa nguzo tatu: mahali, kitendo na njia. Marekani ina mbili: CPT ya Chama cha Madaktari cha Marekani, iliyochapishwa kwanza mwaka 1966, na ICD-10-PCS, inayotumika kwa waliolazwa hospitalini tangu Oktoba 1, 2015. Nitatumia hizi mbili, si kwa sababu ndizo za hospitali zetu, bali kwa sababu zimechambua upasuaji wa kichwa kwa undani, na mwanafunzi akizielewa hatababaishwa na nyingine.

Misimbo ya CPT inayohusu ajali za kichwa ni hii:

- 61154: kutoboa tundu au matundu na kutoa damu iliyo juu au chini ya utando mgumu
- 61312: kufungua fuvu na kuondoa bonge la damu lililo juu au chini ya utando mgumu, upande wa juu ya hema
- 61313: vivyo hivyo, lakini damu iko ndani ya ubongo wenyewe
- 61314: damu iliyo juu au chini ya utando mgumu, upande wa chini ya hema
- 61322: kuondoa mfupa kwa ajili ya kupunguza shinikizo ndani ya fuvu
- 62000: kuinua mfupa uliobonyea, mvunjiko wa kawaida usio na jeraha la wazi
- 62005: kuinua mfupa uliobonyea ambapo jeraha liko wazi au mfupa umesagika
- 62010: kuinua mfupa pamoja na kushona utando mgumu au kusafisha ubongo ulioumia

Sasa soma tena 61312. Unachanganya damu ya juu na ya chini ya utando katika namba moja. Kwa hiyo CPT peke yake haisemi ilikuwa dengu au mwezi mwandamo. Hilo linasemwa na S06.4 au S06.5. ICD-10-PCS kwa upande wake inatenganisha: 00C30ZZ ni kutoa bonge kutoka juu ya utando mgumu kwa kufungua, na 00C40ZZ ni kulitoa chini ya utando. Tena PCS inatofautisha damu iliyoganda na damu ya majimaji. Iliyoganda ikitolewa ni kuondoa. Ya majimaji ikitolewa ni kumwaga, na jedwali lake ni jingine. Ripoti inayosema "damu ilitolewa" bila kueleza ilikuwaje inamwacha karani katikati.

Ziko kanuni tatu ndogo zinazowakosesha wengi mtihani. Tundu lililotobolewa ili kuanzia kufungua fuvu halihesabiwi peke yake, kwa kuwa ni sehemu ya kufungua. Bonge la juu na la chini ya utando yakitolewa kupitia dirisha moja la mfupa, 61312 inaandikwa mara moja. Na neno "kraniektomia" peke yake halikupeleki 61322, kwa kuwa 61312 inakubali kraniotomia na kraniektomia zote. Kinachoamua ni lengo: je, fuvu lilifunguliwa ili kutoa bonge, au ili kuupa ubongo uliovimba nafasi?

6. Wagonjwa watatu wa mfano

*Wa kwanza.* Kijana abiria wa bodaboda amegongwa na pikapu. Kituoni Nakivale amepimwa fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kile cha Teasdale na Jennett cha mwaka 1974, akapata 13 kati ya 15. Alipofika Mbarara amekuwa 8, ambayo ni hali mbaya. CT skani inaonyesha damu umbo la dengu upande wa kulia na ufa katika mfupa wa parietali, bila jeraha la wazi. Fuvu limefunguliwa, bonge limetolewa, mfupa umerudishwa. Misimbo: S06.40, S02.00, V23.5, na 61312. Hizo tarakimu mbili za fahamu nazo ziandikwe, kila moja na saa yake, kwa kuwa mshuko wa 13 hadi 8 ndio uliomfanya daktari aharakishe.

*Wa pili.* Bibi wa miaka 70 ameletwa na mjukuu wake kwa kuwa siku hizi anasahau na mguu mmoja unalegea. Pichani kuna damu ya siku nyingi chini ya utando mgumu. Mpasuaji ametoboa matundu mawili, na majimaji meusi yametoka. Upasuaji ni 61154. Je, ugonjwa ni upi? Kama aliumia, ni S06.5. Kama damu ilivuja yenyewe, ni I62.0, iliyo katika sura ya magonjwa ya mzunguko wa damu na wala haihesabiwi kuwa jeraha.

Jibu liko katika swali la mkalimani. Nimekalimani mara kadhaa, na nimeona kuwa ukimwuliza mzee wa kwetu, "Bibi, ulipata ajali?" atakujibu hapana, maana ajali kwake ni gari. Ukimwuliza, "Bibi, shikamoo, mwezi huu au uliopita uliteleza popote, labda ulipokwenda maji, ukajigonga japo kidogo?" anaweza kukumbuka kuwa aliteleza na kujigonga, akaona haya kusema. Hapo msimbo unahama kutoka I62.0 kwenda S06.5, na W01 inaongezeka. Bibi amehesabiwa miongoni mwa walioumia, na wanaompeleka nyumbani wanajua kuwa sakafu yake na njia yake ya maji zinahitaji kutazamwa.

*Wa tatu.* Mtoto wa miaka 9 amepigwa jiwe kichwani. Ngozi imechanika, mfupa umebonyea, utando mgumu umepasuka. Mpasuaji ameinua vipande, amesafisha na kushona utando. Mafakihi wangesema imevuka munaqqila na ma'muma. Upasuaji ni 62010, na mvunjiko ni S02.01 kama ni mfupa wa paa. Jeraha la ubongo liandikwe S06.3 ikiwa daktari ameandika kuwa sehemu fulani ya ubongo imeumia.

Sababu je? Kama watoto walikuwa wakilenga embe na jiwe likaenda kombo, ni W20, kugongwa na kitu kilichorushwa au kuanguka bila kusudi. Kama alipigwa kwa kusudi, ni Y00. Kama maelezo yanapingana, ni Y29. Karani hahukumu, na mkalimani hapambi maneno. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia uandishi wa deni na kumtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Faili hili nalo linaweza kufika polisi na mahakamani, na lina haki ya mtoto na haki ya anayetuhumiwa.

7. Mfupa uko wapi?

Nimeliacha jambo hili mwisho makusudi, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kwa anayerudi Nakivale.

Ubongo ukiwa umevimba, mpasuaji huenda asirudishe kipande cha mfupa. Anafunga ngozi juu ya dirisha lililo wazi na kungoja uvimbe uishe. Kipande chenyewe kinahitaji pa kuhifadhiwa. Pasipokuwa na jokofu maalumu, njia iliyozoeleka ni kukiweka chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, kikingojea siku ya kurudishwa.

Mgonjwa anaruhusiwa. Ana kovu kichwani na kovu tumboni. Anafika kituo cha afya Juru au Rubondo ana homa, na muuguzi wa zamu anaona uvimbe mgumu tumboni. Kama karatasi yake ina 61312 tu, muuguzi hana njia ya kujua. Msimbo huo, kama tulivyoona, unajumuisha aliyerudishiwa mfupa na asiyerudishiwa. CPT ina msimbo wa nyongeza, 61316, unaosema kuwa kipande cha mfupa kimewekwa chini ya ngozi, lakini unaongezwa tu ikiwa ripoti imelitaja jambo hilo.

Mtu asiye na mfupa sehemu ya kichwa hapaswi kugongwa hapo hata kidogo. Hapaswi kubeba kuni wala mtungi kichwani. Asipande boda kama anaweza kuepuka. Familia iambiwe kwa lugha yao, na karatasi ya ruhusa iandike kwa maneno ya kawaida: mfupa haujarudishwa, upande gani, umehifadhiwa wapi, arudi lini. Siku ya kurudishwa ina misimbo yake. Kuziba pengo lisilozidi sentimita 5 ni 62140, kubwa zaidi ni 62141, na kukitoa kipande tumboni ni 62148. Kumbe hata kipimo cha pengo kilipaswa kuandikwa siku ya kwanza.

Na kama katikati ya kungoja familia imepata nafasi ya kuhamia nchi nyingine, mpasuaji wa huko ataanzia kwenye karatasi hiyo. Hatakuwa na njia nyepesi ya kumpata aliyeshika kisu.

8. Kwa anayetaka kuendelea

ICD, la 10 na la 11, inasomwa bure katika tovuti ya Shirika la Afya Duniani. CPT ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani na matumizi yake ya kazi yanahitaji leseni. Wanaotaka kuifanya kuwa taaluma wana mitihani inayojulikana, kama CPC ya AAPC na CCS ya AHIMA. Lakini kwa mwanafunzi wa wodini, mazoezi bora hayana gharama: ukisoma ripoti yoyote ya upasuaji wa kichwa chini ya mwalimu wako, jiulize kama ungeweza kuisimba bila kumpigia simu mpasuaji. Jina la mgonjwa libaki wodini. Hiyo ni amana.

Maswali ya kujipima

1. Dereva wa bodaboda amegongana na gari dogo barabarani. Msimbo wa sababu ni upi?
2. Bonge la damu chini ya utando mgumu limetolewa kisogoni, chini ya hema, kwa kufungua fuvu. CPT gani?
3. Ripoti inasema: "Kraniektomia imefanyika, mgonjwa yuko imara." Taja mambo manne ambayo karani lazima aulize.
4. Kwa nini 61312 haitoshi kumweleza muuguzi wa Nakivale hali ya mgonjwa?

Majibu

1. V23.4.
2. 61314.
3. Lengo la kufungua, safu iliyokuwa na damu, juu au chini ya hema, na mfupa umerudishwa au umehifadhiwa wapi. Ukiongeza upande wa kichwa na hali ya utando mgumu, umezidi kupata.
4. Kwa sababu haitofautishi damu ya juu na ya chini ya utando, wala haisemi kama mfupa umerudishwa.

Kikundi chetu cha masomo kinakutana Jumamosi baada ya Adhuhuri. Njoo na ripoti moja ya kutunga uliyoiandika mwenyewe, nasi tutajaribu kuisimba mbele yako. Tukishindwa, utajua ni neno gani limekosekana.

Wabillahi tawfiq.